Swali Lako la Nyutroni

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua jinsi ambavyo ungeitikia: "Marahaba, mwanangu," bila kugeuka, kwa sababu mtu anayekoroga sukari motoni hageuki.

Watu wakiwaandikia marehemu wao huzificha barua hizo chini ya godoro. Mimi hii sifichi. Chama chetu cha Kiswahili kina ubao wake nje ya maktaba ya shule, nami nitaibandika pale, asome atakaye. Jina lako lilitajwa mbele ya watu, katika ukumbi uliojaa wazazi, ili mimi ninyamaze. Siku ile nilijibu kwa maneno machache. Mengine yaliyobaki ndiyo haya, na nimeona yasemwe mahali pa wazi vilevile.

Unaikumbuka Jumapili ile ya atomu? Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu Karisa, anayetufundisha kemia na fizikia, alimtaka kila mmoja wetu atengeneze mfano wa atomu kwa vitu vya nyumbani. Wenzangu walikwenda madukani Likoni wakanunua mipira midogo na udongo wa rangi. Mimi nilikuja nikasimama kwenye mlango wa jikoni na kitabu changu kifuani, kama nilivyozoea kusimama nikitaka kitu, nikingoja uniulize.

"Haya, nini tena?"

"Nataka mabuyu, mama."

"Si hayo hapo kwenye beseni? Kula."

"Si ya kula. Ya kujengea."

"Kujengea nini? Nyumba ya sisimizi?"

Nikakueleza. Kwamba kila kitu, hata ile sufuria, hata wewe na mimi, kimefanywa kwa chembe ndogo zinazoitwa atomu. Kwamba atomu ina kiini katikati, na ndani ya kiini mna protoni zenye chaji chanya na nyutroni zisizokuwa na chaji yoyote. Nje yake kuna elektroni, ndogo zaidi, zenye chaji hasi. Nilipewa kaboni: protoni sita, nyutroni sita, elektroni sita. Mabuyu mekundu yangekuwa protoni. Mabuyu yasiyotiwa rangi yangekuwa nyutroni.

Ulicheka kwa hilo. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kila siku kwamba buyu lisilo na rangi halina mnunuzi, hata likiwa tamu vipi. "Afadhali leo na yenyewe yamepata kazi," ulisema, ukainjika sufuria ya pili.

Uliichemsha sukari na iliki, ukamimina nusu pembeni kabla ya kutia rangi, ukazitupa mbegu za mbuyu ndani. Zilipoanza kushika ulinipa, nami nikazibana kwa vidole, nyekundu na nyeupe, mpaka zikawa donge moja. Nilijichoma, sikusema kitu. Kwa elektroni ulinichagulia punje za ufuta. Nikazinatisha kwenye vipande vya waya na kuvizungusha nje ya donge.

"Zimekaa vizuri," ulisema. "Ndivyo zilivyo hasa?"

"La. Zilivyo hasa ziko mbali. Kama kiini kingekuwa donge hili letu hapa Mtongwe, elektroni zingekuwa huko, kilomita nzima na zaidi."

"Na katikati pana nini?"

"Hapana kitu."

"Hewa?"

"Hata hewa hapana, mama. Hapana kitu kabisa."

Uliutazama mkono wako, ukaugeuza upande wa pili, kisha ukaugonga kwenye ukuta ili uone kama kweli ungepita. "Astaghfirullah," ulisema. "Na huo ukuta Baba yako aliulipia fundi!"

Kilichofuata hukukiona, kwa maana ulikuwa umeingia ndani kuswali adhuhuri. Nilitaka kuihifadhi kaboni yangu isiingiliwe na sisimizi. Nikachukua hotipoti, lile la kuwekea chapati, nikaitia ndani ikiwa bado ina joto, nikafunika kwa nguvu. Nimezaliwa katika nyumba ya mabuyu, nami nikafanya kosa ambalo mtoto wa nyumba nyingine asingeweza hata kulifikiria, kwa sababu asingekuwa na mabuyu ya moto.

Asubuhi nikaibeba mpaka darasani. Ilipofika zamu yangu nililifungua hotipoti mbele ya wote. Mvuke ulikuwa umegeuka maji, maji yameiyeyusha sukari, na rangi imekimbia kila mahali. Mabuyu yote kumi na mawili yalikuwa mekundu. Hata ufuta ulikuwa mwekundu.

Zuhura, yule anayekaa dawati la mbele na asiyepitwa na kitu, alisimama akahesabu kwa kidole. "Mwalimu! Hii si kaboni. Ina protoni kumi na mbili. Hii ni magnesiamu!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Karisa hakucheka, lakini alifanya jambo baya zaidi: alianza kufundisha kwa kutumia kosa langu. "Hata magnesiamu siyo," alisema. "Protoni kumi na mbili bila nyutroni hata moja haziwezi kukaa pamoja. Zingetawanyika mara moja. Mishi, nyutroni zako zimekwenda wapi?"

Nilitaka kusema zimeingia rangi. Nikabaki nikilitazama hotipoti. Zuhura akanijibia: "Mwalimu, nyutroni ni yeye mwenyewe. Hana chaji huyu, hasemi ndiyo, hasemi la."

Tangu siku ile jina langu shuleni likawa Nyutroni. Waliniita uwanjani, waliniita kwenye foleni ya maji, hata wa kidato cha kwanza wasiojua maana yake.

Nilipokusimulia, nililia. Wewe ulilifungua hotipoti, ukachungulia, na nikakuona ukijizuia usicheke mpaka mabega yakatikisika. "Ulifunika yangali na joto? Wewe! Binti yangu mimi!" Kisha ukaniuliza shule ilikuwa inafunguliwa saa ngapi kesho yake.

"Nimeshamaliza zamu yangu, mama."

"Nani amesema umemaliza? Umepeleka kitu kilichoharibika. Utapeleka kizima."

Ukawasha moto upya. Safari hii uliyaacha yakauke juu ya sinia dirishani mpaka yakalia kama changarawe ukiyagusa. Na asubuhi hukuniruhusu kufunika, hata kwa kitambaa. "Mabuyu hubebwa wazi," ulisema. "Yapate upepo." Nilipokuuliza kama ningeweza kupita njia ya nyuma, uliniambia njia ya nyuma ina matope.

Basi nikapita njia kuu, mimi ambaye husubiri watu wapite ndipo nitoke nyumbani, nimeshika sinia la atomu kwa mikono miwili. Kila baada ya nyumba chache mtu alinisimamisha. Wanakujua wewe, wanayajua mabuyu yako, wakadhani umeanza kunituma mapema. Mzee wa duka la mkaa alinyoosha mkono achukue. "Haya ya leo yamefungwaje hivi? Nipe yale meupe, sijayaona siku nyingi."

"Hayauzwi," nilisema.

"Hayauzwi? Mabuyu?"

"Ni nyutroni, babu. Hayauzwi."

Nilisema "hayauzwi" mpaka nikafika shuleni. Mwanzoni nililisema nikitazama miguu yangu. Karibu na lango nilikuwa nikilisema nikiwatazama watu. Sijui kama ulikusudia hivyo. Sitakuwekea nia ambayo hukuniambia. Ninachojua ni kwamba sinia lilifika zima, mwalimu akahesabu sita nyekundu na sita nyeupe, akaandika alama yangu. Zuhura akaomba kuonja nyutroni moja. Nikamwambia haziliwi.

Baada ya hapo wewe ndiye uliyeshikwa na atomu kuliko mimi. Ulikuwa ukikoroga, mara unaniita.

"Mishi!"

"Abee, mama."

"Huyo nyutroni. Protoni ana chaji, elektroni ana chaji. Yeye hana. Sasa kazi yake nini humo ndani?"

Sikujua. Nikakuletea jibu kutoka kwa Mwalimu Karisa, ambaye nilimfuata nje ya darasa kwa sababu ndani nisingeweza. Alinieleza kwamba vitu vyenye chaji moja hufukuzana, na protoni zote ni chanya, kwa hiyo zinasukumana muda wote. Lakini kiini kina nguvu nyingine, kali sana, isiyofika mbali, inayozishikanisha protoni na nyutroni zikikaribiana. Nyutroni huongeza mshiko ule na haiongezi ugomvi.

Ulirudia maneno hayo ya mwisho huku ukichota mabuyu kwa upawa. "Anaongeza mshiko, haongezi ugomvi. Kumbe ndiye sukari."

"Si sukari, mama. Sukari ni ile nguvu."

"Haya, basi ni buyu lisilo na rangi. Limepakwa sukari sawa na wenzake."

"Hapo umepata."

Ukafurahi kama mtu aliyepasi mtihani. Kesho yake ukaja na swali jingine, na hilo ndilo lililobaki nyumbani kwetu mpaka leo. Uliniuliza: "Na ukimtoa? Ukimchukua huyo nyutroni ukamweka nje, peke yake, hana protoni hana nani. Anakuwaje?"

Nikamfuata tena mwalimu. Alitabasamu, akasema swali hilo si la kemia, ni la fizikia, tena ya kidato cha nne, na wengi huiacha fizikia kabla ya kufika huko. Nilipokuletea jibu hilo hukuvunjika moyo. "Kidato cha nne?" ulisema. "Basi nitangoja."

Hukungoja, mama. Presha ilikupanda wiki ya mvua, na kabla ya mvua kukatika tulikuwa tumekwisha kukuzika. Sitaandika siku zile. Waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo hazitawafaa kitu.

Ila nitaandika ulilosema, kwa sababu hilo ndilo lililokuja kushikwa kama fimbo. Ulikuwa umelala chumbani, shangazi Mwanakombo ameketi upande huu, nami upande ule. Ulinishika mkono ukasema, "Sufuria usiiache ipoe." Nilisema, "Sawa, mama." Basi. Hukusema zaidi, nami sikuuliza zaidi.

Shangazi aliacha shamba lake Kwale akaja kukaa nasi. Nataka isomwe kwenye ubao huu kwamba alikuja bila kuitwa, na kwamba ndiye aliyenifulia sare wiki zile ambazo sikuweza kushika hata sabuni. Nikimpinga, simpingi kama mtu asiyemjua wema wake. Lakini nampinga.

Mwisho wa mwaka kulikuwa na siku ya wazazi. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili alikwenda na mzazi wake mbele ya mwalimu wa darasa, kuthibitisha masomo ya kidato cha tatu. Baba alikuwa kazini kwake Changamwe, kwenye yadi ya makontena, hakupata ruhusa. Shangazi akaja, amevaa buibui lake jipya. Ukumbi ulijaa. Viti vilikuwa karibu karibu hata kila mtu alisikia ya mwenziwe.

Mwalimu Atieno, mwalimu wetu wa darasa, ni mwema ila ana haraka. "Alama zake ni nzuri," alimwambia shangazi. "Tatizo ni kwamba hasemi. Fizikia ina wanafunzi wachache, na mazoezi yake ya maabara ni jioni baada ya masomo. Nyumbani mmeamuaje?"

"Hiyo ataiacha," shangazi alisema. "Jioni ndiyo saa ya kupika mabuyu. Mwandike somo la biashara. Mama yake, Mungu amrehemu, alimwachia sufuria, hakumwachia fizikia. Na wosia ni wosia, mwalimu. Nilikuwepo."

Mama mmoja nyuma yetu, hata simjui, akadakia: "Kweli, wosia wa mama hauchezewi."

"Na mwenyewe anasemaje?" Mwalimu Atieno aliuliza, kalamu imeshagusa karatasi.

"Mwenyewe hana neno."

Ilikuwa kweli, mama. Miaka yote sikuwa na neno. Kama ningenyamaza pale, biashara ingeandikwa, na hakuna mtu katika ukumbi ule ambaye angejua kwamba kitu kimechukuliwa. Mkono wangu ulikuwa umeushika ukingo wa meza kana kwamba ni ukingo wa sinia.

"Ninalo," nilisema.

Mwalimu akainua macho. "Sema tena?"

"Neno ninalo, mwalimu. Niandike fizikia."

"Mishi!" shangazi aliita, kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyekaribia kisima.

"Abee, shangazi."

"Na alilolisema mamako?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na ndipo ninapotaka unisikilize. Ningeweza kusema hukumaanisha hivyo. Ningeweza kusema kwamba siku nyingine, sisi wawili peke yetu jikoni, uliniambia nisome fizikia mpaka niwe daktari wa atomu. Nani angenibishia? Umekufa. Kila mtu anaweza kukutilia maneno kinywani. Lakini hukuniambia hivyo, nami sikukusingizia.

"Nilikuwepo na mimi, shangazi. Ni kweli alisema nisiiache sufuria ipoe. Sufuria nitaishika. Na fizikia siiachi."

"Vyote viwili? Kwani una mikono mingapi wewe?"

"Miwili, shangazi."

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Shangazi alisimama, akalivuta buibui lake, akatoka. Mwalimu Atieno alinitazama kidogo, akaandika. Nilipogeuka nilimwona Zuhura na babake kwenye viti vya nyuma. Zuhura alikuwa ameachama.

Jioni Baba alipofika kutoka kivukoni alikuta nyumba imenuna. Shangazi alimwanza kabla hajavua viatu. "Binti yako amenivunjia uso mbele ya watu. Nimesema hana neno, naye akasema analo."

Baba, unavyomjua, alikunywa maji kwanza. Kisha akaniita. "Neno gani hilo?"

Nikamweleza juu ya swali lako. Kwamba uliuliza nyutroni akitolewa nje peke yake anakuwaje. Kwamba jibu liko kidato cha nne, kwenye fizikia, na kwamba ulisema ungengoja. Nilieleza nimesimama, nikimtazama kifuani kwa sababu usoni nilishindwa.

Alikunja uso, nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa akilitafuta jambo kichwani. "Hilo swali," alisema, "na mimi aliniuliza. Nimerudi kazini nimechoka, nataka kulala, ananiambia, 'Ati wewe, nyutroni wamjua?' Nikamwambia hiyo itakuwa dawa ya minyoo, usinunue." Akacheka, halafu hakuweza kuendelea kucheka. Alifuta uso kwa shati.

"Na sufuria?" shangazi aliuliza kutoka jikoni.

"Nitapika alfajiri, nikisha kuswali," nilisema. "Yatakauka dirishani nikiwa shule. Jioni nitayafunga."

"Ukishindwa?" Baba aliuliza.

"Nikishindwa mtaniona."

"Sufuria ikipoa, fizikia imekwisha," alisema Baba. Shangazi alisema neno moja tu: "Tutaona."

Basi wanaona. Niko kidato cha tatu sasa. Kila alfajiri nawasha moto wako. Sikudanganyi, mwanzoni niliiunguza sukari mara kwa mara, nikaenda shuleni nikinuka moshi. Shangazi alikuwa akisimama mlangoni na mikono kifuani, hanisaidii, hajaondoka. "Inaungua hiyo, we fizikia!" ananiambia. Siku moja nilikuwa nasoma huku nakoroga, akaja akavuta kuni moja nje, akarudi mlangoni kama hakufanya kitu. Tangu hapo huvuta kuni. Hatujalizungumza. Bado anaamini nimekosea, na hunieleza hivyo kila Ijumaa.

Vidole vyangu ni vyekundu muda wote, kama vyako. Maabarani, Mwalimu Karisa aliwahi kuniuliza kama nimemwaga kemikali. "Ni protoni, mwalimu," nilimwambia, mbele ya darasa zima. Tuko wachache kwenye fizikia, na Zuhura ni mmojawapo. Bado ananiita Nyutroni. Siku hizi naitika "abee" kama ninavyoitika nyumbani, na imemwondolea raha kabisa.

Sasa jibu lako. Sikungoja kidato cha nne. Maabarani kuna kabati la vitabu vya zamani, vingine havina majalada, na mwezi huu nilikikuta cha kidato cha nne. Nilikisoma nimesimama pale pale kabatini mpaka mtunza maabara akaniambia anafunga. Kisha nikamfuata Mwalimu Karisa ili nihakikishe, na safari hii sikungoja atoke nje. Niliinua mkono darasani.

Mama, ndani ya kiini, pamoja na wenzake, nyutroni anaweza kukaa miaka na miaka hana mabadiliko. Ukimtoa nje peke yake, hakai. Si kwamba anapotea. Kwa wastani ni kama robo saa hivi, basi anageuka. Anatupa nje elektroni moja, na chembe nyingine ndogo mno ambayo hata kuikamata ni taabu, na yeye mwenyewe anakuwa protoni. Yule yule asiyekuwa na chaji anakuwa na chaji. Hakuna aliyemtia. Inatoka humo humo ndani yake.

Nilipolisoma nilitaka kukimbia nyumbani nikakwambie. Nilifika mpaka mlango wa jikoni na kitabu kifuani, nikasimama, nikingoja uniulize. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza yeye: "Haya, nini tena?" Nikamweleza yote, tangu mwanzo. Alisikiliza, akasema, "Mambo gani haya," na baada ya kitambo akauliza, "Na hiyo protoni iliyobaki, inakwenda wapi?"

Nitamtafutia.

Kwa hiyo wale waliokuwepo ukumbini, na wale watakaosoma hapa, wajue. Atakayeniambia, "Mama yako alitaka hivi," nitamwambia nilikuwepo, na nitamweleza alichosema na alichouliza, vyote viwili, bila kupunguza. Sitanyamazishwa kwa jina lako. Jina lako nalijua kuliko wao.

Na wewe pia, mama, kwa heshima zote, nina neno nawe. Uliniambia nisiiache sufuria ipoe, na haijapoa. Lakini sikuahidi kuishika maisha yangu yote, na leo siahidi. Siku nitakapoiweka chini nitaiweka mwenyewe, nimeisugua, nimeifuta, mchana kweupe, na sitapita njia ya nyuma.

Lala salama kwenye nuru. Mabuyu ya leo yako dirishani, yamekauka vizuri, sikuyafunika. Mengine nimeyaacha bila rangi. Mzee wa duka la mkaa huja kuyaulizia.

Mwanao,
Mishi,
ambaye shuleni humwita Nyutroni, naye huitika.